Moyo wa polepole nao hukimbia

Najua nimekuwa kimya. Makala ya mwisho ilikuwa juu ya kuhamisha hifadhidata bila kuzima seva, na niliahidi sehemu ya pili "wiki ijayo". Wiki zimekuwa nyingi... Sehemu ya pili itakuja. Leo naomba mniruhusu nitoke kidogo kwenye kompyuta, ingawa mtaona sikwenda mbali sana.

Akko wangu (sisi Waborana bibi tunamwita akko) anaishi Korbesa, kaunti ya Isiolo. Kwa wasiopajua: fika Merti, halafu endelea kuufuata mto Ewaso Ng'iro unakoteremka kuelekea kinamasi cha Lorian. Ni nchi tambarare ya ng'ombe, ngamia na mbuzi. Kiangazi gari linapita popote. Mvua ikinyesha udongo unakuwa gundi na hakuna anayepita, hata awe na gari la aina gani.

Mwezi wa Novemba 2023 mvua ilinyesha kweli kweli. Kumbukeni tulikuwa tumetoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020, na mifugo mingi ilikuwa imekufa. Watu waliokuwa wakiomba mvua wakaanza kuomba ipungue.

Akko wakati huo alikuwa na miaka 77 kwa hesabu ya mama yangu. Alikuwa akitumia kidonge cha presha, kile kinachomfanya mtu akojoe sana. Na kwa miezi kadhaa alikuwa akianguka. Anaongea vizuri, ghafla uso unapauka, macho yanageuka, mikono inarukaruka kidogo, halafu baada ya nusu dakika anazinduka, uso umejaa damu, anauliza chai iko wapi. Wengine walisema ni kifafa, na kweli kuna mahali alipewa vidonge vya kifafa. Wengine walisema ni ayana, yaani pepo. Hakuna aliyemshika mkono akahesabu mapigo.

Halafu akapata kikohozi. Mama akanipigia simu Nairobi. Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ni mtu wa kompyuta, na kwetu mtu wa kompyuta anajua kila kitu. Nami, badala ya kusema sijui, nikatafuta kwenye mtandao dakika tano nikasema: mnunulieni erithromaisini. Dawa ya kawaida kabisa, hata watoto hupewa. Ikanunuliwa. Siku ya pili tumbo likaanza kuhara. Siku ya tatu akaanguka mara tatu katika alasiri moja, na mara ya tatu walidhani amekwenda.

Binamu yangu ambaye ni muuguzi alikuwa amekuja likizo. Yeye ndiye aliyefanya jambo ambalo sote hatukulifanya. Alishika kifundo cha mkono wa akko, akafungua saa ya simu, akahesabu dakika nzima. Kisha akanitumia ujumbe wenye tarakimu mbili tu: 34.

Nikadhani amehesabu nusu dakika akasahau kuzidisha. Nikamwandikia arudie. 33.

Binamu akasimamisha vidonge vyote, pamoja na vile vyangu, akamkorogea ORS akamnywesha kikombe baada ya kikombe. Nitawaambia baadaye kwa nini nadhani kikombe kile kilikuwa muhimu kuliko ushauri wangu wote. Ilichukua siku mbili kumfikisha Isiolo mjini: pikipiki, trekta, kisha lori lililolala njiani. Mimi nilipanda basi kutoka Nairobi nikafika kabla yao.

Hospitalini akapimwa ECG, na jibu likaja haraka: kizuizi kamili cha moyo, daraja la tatu. Niliposikia nikafikiri nimeelewa. Moyo unapiga polepole, basi hatari ni kusimama. Nikamuuliza daktari, unaweza kusimama usiku huu? Akanijibu maneno ambayo sijayasahau: "Wewe unaogopa usimame. Mimi naogopa ukimbie."

Akanionyesha karatasi. Akko alikuwa ameanguka tena akiwa amefungwa waya za mashine, na mashine ilikuwa imerekodi. Nilitegemea kuona mstari ulionyooka. Badala yake niliona milima iliyosongamana, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, yanakuwa makubwa, yanapungua, yanageuka juu chini kama kamba inayosokotwa, kwa sekunde kama nane, halafu yakaacha yenyewe na yale mapigo 34 yakarudi. Yaani huyu mama ambaye moyo wake ulikuwa wa polepole kuliko wa mtu yeyote katika wodi ile, alikuwa akizimia kwa sababu ya moyo kukimbia.

Hapa ndipo mtu wa programu ndani yangu alipoamka. Mfumo unaoenda polepole unawezaje kufa kwa kwenda mbio?

Mimi si daktari, kwa hiyo chukueni maelezo haya kama ya fundi wa jirani. Moyo ni mfumo uliosambazwa wenye kiongozi. Kiongozi ni fundo dogo katika chumba cha juu cha kulia, linalotoa umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika. Umeme ule unashuka hadi kwenye kituo kimoja katikati, unacheleweshwa kidogo pale, kisha unapita kwenye nyaya maalumu hadi vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu mwilini. Kila seli katika njia ile inajua kujipigia yenyewe, ila kwa kasi ndogo zaidi kadiri unavyoshuka. Hakuna uchaguzi wala kura. Anayepiga haraka zaidi ndiye kiongozi, kwa sababu wengine hawapati nafasi ya kuanza.

Kizuizi cha moyo ni hitilafu katika njia ile. Daraja la kwanza ni ucheleweshaji tu, na wengi huishi nalo bila kujua. Daraja la pili baadhi ya mapigo hayapiti, na hapo kuna aina mbili: moja mara nyingi si ya kutisha, nyingine inaweza kugeuka kizuizi kamili bila kubisha hodi. Daraja la tatu hakuna kinachopita. Vyumba vya juu vinafuata mwendo wao, na chini seli za akiba zinashika usukani kwa mapigo 20 hadi 40. Sababu ni nyingi. Kwa wazee wengi ni nyaya zenyewe kuchakaa na kugeuka kovu.

Mpaka hapo ni habari ya polepole tu, na makala nyingi nilizosoma ziliishia hapo. Naona ni kasoro kubwa, maana nusu ya hatari iko mbele.

Kila baada ya pigo, seli za vyumba vya chini lazima zijichaji upya. Zinafanya hivyo hasa kwa kuruhusu potasiamu itoke nje kupitia milango midogo. Muda tangu pigo lianze hadi chaji irudi huonekana kwenye ECG, nao unaitwa QT. Sasa, moyo ukipiga polepole, muda huu hurefuka. Hilo ni la kawaida. Tatizo ni kwamba haurefuki sawasawa kila mahali: tabaka moja la ukuta wa moyo limeshamaliza, jirani yake bado. Tena seli iliyokaa muda mrefu mno bila kumaliza inaweza kuwaka tena kabla ya wakati, na kuzaa pigo ambalo halikuitwa na mtu. Pigo hilo likiangukia moyo ambao nusu iko tayari na nusu haiko tayari, umeme unapita pale penye nafasi, unazunguka, unarudi ulikotoka na kuta zimeshafunguka, unazunguka tena...

Wenzangu mnaoandika programu mmeshalitambua. Ni michakato miwili inayoshindania data ileile huku mmoja haujamaliza kuandika. Kwenye seva tunaweka kufuli. Moyo hauna kufuli; ulinzi wake ni kasi ya kutosha na kuta zinazomaliza pamoja.

Mwendo huo wa kusokota una jina la Kifaransa, torsades de pointes, yaani msokoto wa ncha. Aliyeueleza ni daktari François Dessertenne huko Paris mwaka 1966. Na mgonjwa wake alikuwa nani? Mama mzee wa miaka 80 mwenye kizuizi cha moyo, aliyekuwa akizimia! Walidhani anazimia kwa sababu moyo unasimama, hadi karatasi ilipoonyesha kwamba ni vyumba vya chini vinavyokimbia. Niliposoma hilo kwenye benchi ya hospitali, nilihisi kama mtu aliyekuta hitilafu yake imeshaandikwa na mwingine miaka 57 kabla.

Mara nyingi msokoto huacha wenyewe, mtu akazinduka akaomba chai. Mara nyingine hauachi. Unageuka mtetemeko usiosukuma damu hata tone, na bila mshtuko wa umeme mtu anakufa katika dakika chache. Huwezi kujua safari hii ni ipi.

Sasa rudini kwenye erithromaisini. Ile milango ya potasiamu ina aina kadhaa, na mmoja wake huzibwa kwa urahisi na dawa nyingi zisizohusiana na moyo kabisa. Erithromaisini ni mojawapo. Azithromaisini, klorokwini, kwinini na haloperidoli nazo zimo kwenye orodha. Kwa mtu mwenye moyo mzima mara nyingi hakitokei kitu, kwa sababu kuna milango ya akiba. Lakini akko alikuwa na moyo wa polepole. Alikuwa mwanamke, na QT ya wanawake kwa kawaida ni ndefu kidogo. Kidonge cha presha kilikuwa kikimwaga potasiamu kwa mkojo, na potasiamu ikipungua kwenye damu, milango ile hufanya kazi vibaya zaidi. Halafu dawa niliyoagiza mimi ikaziba mlango, ikaleta na kuhara, na kuhara kukamwaga potasiamu iliyobaki. Makosa matano, kila moja peke yake linavumilika. Mnajua jinsi mifumo mikubwa inavyoanguka? Ni hivyo hivyo.

Na ile ORS ya binamu ina potasiamu ndani yake.

Kuna jambo lingine ambalo lilinitia aibu, lakini nitalisema kwa sababu wengi wetu tunapenda fomula. QT ya akko ilikuwa milisekunde 620. Kwa kuwa QT hubadilika na kasi ya moyo, madaktari huisahihisha, na fomula maarufu ni ya Bazett ya mwaka 1920: gawanya QT kwa kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo, kwa sekunde. Kwa mapigo 34, muda huo ni sekunde 1.76. Nikatoa simu, nikapiga hesabu, nikapata 467. Kwa mwanamke, hadi 460 huhesabiwa kawaida. Nikamkimbilia daktari na habari njema! Akatikisa kichwa. Akasema fomula ile inadanganya moyo ukiwa wa polepole sana, inafanya QT ionekane fupi, na moyo wenyewe haujui kugawanya. Kuta za akko zilikuwa zikichukua milisekunde 620 za kweli. Ikivuka 500, akasema, mimi silali.

Hakulala kweli. Akko alichomwa magnesiamu kwenye mshipa, akaongezewa potasiamu, na alfajiri tukaingia ambulensi kwenda Nairobi, karibu kilomita 280. Nilikaa miguuni pake nikitazama skrini njia nzima. Sijawahi kutazama skrini yoyote namna ile, na ninalipwa kutazama skrini.

Nairobi walipitisha waya kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo, wakauendesha kwa mapigo 90. Nilishangaa, nikauliza, si 60 ingetosha? Muuguzi wa zamu akanieleza vizuri kuliko kitabu: kasi ikipanda, kuta hujichaji upya haraka na kwa pamoja, tena hakuna pengo refu, na msokoto hupenda kuanza baada ya pengo. Tangu dakika ile msokoto haukurudi.

Siku tatu baadaye akawekewa betri ya moyo ya kudumu chini ya ngozi ya kifua. Wakaiweka 80 kwa wiki za mwanzo kabla ya kuishusha hadi 60. Hili nalo lina sababu. Moyo ulioishi polepole kwa wiki nyingi hujibadilisha: ukuta unanenepa, seli zinapunguza kutengeneza milango ya potasiamu. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walilionyesha kwa mbwa waliokatwa njia ya umeme ya moyo. Baada ya wiki kadhaa mbwa wale walipata msokoto kwa dawa kwa urahisi. Kwa hiyo ukirudisha kasi leo, moyo bado una usanidi wa jana. Unahitaji muda.

Nyinyi wa vifaa mtapenda historia ya betri hizi. Mwaka 1957 umeme ulikatika mjini Minneapolis, na daktari wa upasuaji Walton Lillehei, ambaye mashine zake za moyo zilitegemea soketi ya ukutani, akamwomba fundi Earl Bakken atafute njia nyingine. Bakken alikuwa akitengeneza vifaa kwenye gereji. Alichukua sakiti ya metronomu ya wanamuziki aliyoiona katika gazeti la Popular Electronics, akaunganisha betri, na wiki chache baadaye kifaa kilikuwa kikiendesha moyo wa mtu. Mwaka uliofuata, Oktoba 1958, Arne Larsson wa Uswidi, aliyekuwa akizimia mara nyingi kwa siku, akawa wa kwanza kuwekewa kifaa ndani ya mwili. Cha kwanza hakikumaliza hata siku moja! Lakini yeye aliishi hadi 2001, akafa ana miaka 86, akiwa ametumia vifaa 26. Aliwapita kwa maisha daktari na mhandisi waliomtengenezea.

(Na ndiyo, nilimuuliza fundi kuhusu usalama wa programu iliyomo. Mwaka 2017 Marekani ilibidi betri za moyo 465,000 za Abbott zipewe toleo jipya kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama. Mgonjwa aende kliniki, akae kama dakika tatu, moyo wake upakiwe toleo. Mimi huogopa kupakia toleo jipya siku ya Ijumaa.)

Pesa sasa. Laki kadhaa. Zamani ungeuza ng'ombe, lakini ng'ombe walikufa kwenye ukame. Tulifungua kundi la WhatsApp, michango ikaja kwa M-Pesa kutoka Merti, Garbatulla, Eastleigh, hadi kwa watu wetu walioko Minnesota. Mtu mmoja alituma shilingi 50. Nimeiweka picha ya ujumbe ule. Ningependa siku moja isiwe hivi. Kuna mpango wa Chuo Kikuu cha Michigan wa kusafisha betri za moyo zilizotumika na kuzipa wasio na uwezo. Jaribio lao la wagonjwa karibu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwemo, lilitoa matokeo mwaka 2024, na zilizotumika hazikuonekana mbaya kuliko mpya. Sisi tunaovaa mitumba na kutumia kompyuta za mitumba tunaelewa jambo hili bila kuelezwa.

Niliporudi kazini nilianza kuandika programu. Ungetuma jina la dawa kwa SMS, ikujibu kama inarefusha QT. Niliandika wikendi mbili, nikaifuta. Orodha hubadilika, mimi si mfamasia, na anayeumwa Korbesa usiku hatatuma SMS kwa seva. Nilichofanya badala yake ni kadi. Upande mmoja nakala ya ECG yake na jina la kifaa. Upande wa pili mistari michache kwa Kiborana na Kiswahili: ana betri ya moyo, kabla ya kumpa dawa yoyote mpya soma orodha hii, akihara sana mpe ORS na mpeleke hospitali. Nikaipitisha kwenye plastiki. Jumla ya gharama shilingi 60.

Akko anaitunza kwenye mfuko ule ule anaoweka simu. Zamani simu aliiweka kifuani, ndani ya nguo. Fundi alimwambia simu ikae mbali na betri angalau sentimita 15, basi sasa inaning'inia kiunoni na huwa haisikii ikilia. Aliniuliza kama betri hii inachajiwa kwa sola. Nikamwambia hapana, itakaa miaka, kisha itabadilishwa. Akasema basi ni afadhali kuliko ya simu.

Mwezi uliopita mama alinipigia. Akko ana kikohozi tena, anunuliwe nini? Nikampa namba ya binamu.